Msingi, Boma, Nyumba

Mwaka 2018 wataalamu wa kompyuta wa kila pembe ya dunia walialikwa kushindana kuzitambua nyumba za Zanzibar. Hawakutakiwa wafike. Picha zilishapigwa kutoka angani. Kazi yao ilikuwa kuifundisha mashine ilizungushie kila jengo mstari wake, kisha iseme jengo hilo ni la kundi gani kati ya matatu: lililokamilika, lisilokamilika, au msingi peke yake. Makundi matatu, hakuna la nne.

Mimi ni mtu wa maneno, si wa mashine, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuyatafutia makundi hayo Kiswahili. Sikuhangaika. Fundi yeyote wa kwetu anayo mdomoni: msingi, boma, nyumba. Boma ni jengo lililosimama kuta bila ya kuezekwa, na ndilo neno lililomo kwenye taarifa za serikali kila msimu wa bajeti, maboma ya madarasa na maboma ya zahanati yanayosubiri bati. Likikaa miaka mpaka mpapai ukaota ukumbini, Dar es Salaam huliita pagale. Tafsiri ilikwisha kabla chai haijapoa. Matata yalianza nilipoacha kutafsiri nikaanza kutazama.

Makangale ni shehia ya ncha ya kaskazini-magharibi ya Pemba, Wilaya ya Micheweni. Unatoka Konde, unaingia msitu wa Ngezi ambamo jua hukatika ghafla, unatokea upande wa pili penye minazi na migomba, ufukwe wa Vumawimbi uko mkono wa kulia, na mbele kabisa umesimama mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Nyumba za huko ni za namna mbili. Ya matofali hupanda kwa utaratibu ule ule wa mashindano: kiwanja, msingi, kuta mpaka lenta, halafu husimama hapo kwa miaka, maana paa la bati ni pesa, na pesa inangojewa karafuu ishuke mtini au ndugu aliyeko Mombasa au Maskati akumbuke nyumbani. Ya fito na udongo haina habari na utaratibu huo. Nguzo huchimbiwa, fito zikafungwa, paa likaezekwa makuti, na kukandika huja mwisho, kwa sababu udongo mbichi usio na paa juu yake ukinyeshewa hurudi ulikotoka. Nyumba hii haikupata kuwa msingi wala haikupata kuwa boma. Ukiitazama kutoka juu imekamilika tangu siku ya makuti. Ukiitazama kutoka chini, upepo unapita katikati ya fito na mbuzi wa jirani anaingia atakapo.

Nilimkuta fundi mmoja anakaza kamba kwenye fito za nyumba ya namna hiyo, nikamuuliza, "Fundi, hii nyumba imeshakwisha?"

"Imeshaezekwa, mwalimu," akanijibu bila ya kugeuka. "Kwisha ni habari nyengine."

Sisemi waliopanga makundi matatu walifanya kazi mbovu. Kwa mtu wa mipango miji anayetaka kujua mji unakulia wapi, matatu yanatosha, na pengine manne yangemchanganya. Nasema tu kwamba aliyekaa mezani siku ile akaandika majina matatu ndiye aliyeamua nyumba ni nini, na baada yake hakuna hesabu itakayoweza kuona la nne.

Picha zenyewe zina historia ya kujivunia, na niiseme mapema nisije nikaonekana mlalamishi. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania na Benki ya Dunia walishirikiana kuvipiga picha visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, kwa ndege nyuki. Ndege zile ni nyepesi, bawa la povu gumu ambalo mtu hulirusha kwa mkono likaenda zake na kurudi. Waliozirusha walikuwa vijana wetu wa chuo, na picha zilizotoka ni kali kiasi kwamba nukta moja ya picha ni kama sentimita 7 za ardhi. Ramani za zamani zingeweza kukuonesha kijiji. Hizi zinakuonesha karai lililosahaulika uani. Huo ni ushirikiano wa kweli, na nchi tajiri kadhaa zilikuwa hazina picha kama hizo. Lakini picha ni picha. Ili mashine ijifunze, lazima mtu akae achore kila jengo kwa mkono na aliandikie kundi lake. Hapo ndipo sayansi inapokuwa kazi ya istilahi, ijapokuwa hakuna mtu wa istilahi anayeitwa.

Maana mtandao neva, yaani mashine inayofundishwa hivyo, hauna habari ya nyumba. Ni safu juu ya safu za vijiungo vya hesabu, na kila kiungo kina uzito wake. Unaoneshwa picha, unabahatisha. Unaambiwa jibu lililoandikwa na mtu, unapima umekosea kwa kiasi gani, unarekebisha uzito wa viungo vyake kidogo, unaoneshwa picha nyengine. Mara elfu, mara milioni. Ukimaliza, unachokijua kuhusu dunia ni kile kilichokuwemo kwenye picha pamoja na kile alichokiandika yule mtu. Orodha ya majina iliyokuwa mezani mwake ndiyo kamusi ya mashine, nayo ni kamusi isiyokuwa na toleo la pili mpaka mtu arudi kufundisha upya.

Sisi wa Kiswahili, ugomvi wetu uko kwengine. Tunagombania jina la fani nzima: akili bandia, akili unde au akili mnemba. La kwanza linaeleweka na kila mtu, ila linanikumbusha meno. La mwisho limeshika sana Tanzania Bara. Kwetu visiwani limekuja na kichekesho chake, maana Mnemba ni kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, na mtu akitajiwa akili mnemba hufikiria kwanza pomboo na boti za watalii. La kati ndilo lenye kura yangu. Kuunda kwa watu wa pwani hakukuwa kutengeneza kitu chochote tu. Ilikuwa kazi ya chombo: jahazi huundwa, dau huundwa, kwa mbavu na mbao na kalafati. Na chombo kilichoundwa hakijifanyi samaki.

Kuhusu mitandao yenyewe, wengine husema mtandao wa nyuro, wengine mtandao neva, na wapo wanaotaka tuseme mtandao wa mishipa ya fahamu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea hospitalini. Historia inawapa haki: mwaka 1943 Warren McCulloch, tabibu, na Walter Pitts, kijana wa hisabati asiyekuwa na shahada, waliielezea seli ya fahamu kuwa ni kijidude cha mantiki, na jina likabaki ingawa mashine ya leo na ubongo wa mtu wamekuwa jamaa wa mbali. Hata hivyo nalikataa neno fahamu humu. Fahamu ni kitu anachokipoteza mtu akianguka, na mashine haina cha kupoteza. Neva, kwa ugeni wake, halidai mengi. Ujifunzaji wa kina, yaani wa mitandao yenye safu nyingi, nao ni bahati njema: kina ni cha bahari, nahodha alikipima kwa bildi, na hapa kinapimwa kwa idadi ya safu. Washairi watauliza kina kipi, cha maji au cha mwisho wa mshororo. Waulize tu.

Mabishano haya ni matamu na sitaki yaishe. Lakini yanafuata desturi yetu ya siku zote: mashine ifike kwanza, neno lifuate. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na Waswidi kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na maneno mengi ya menyu na vitufe yakapatiwa nafasi ya kukaa. Kazi ya heshima. Ila programu ya kuandikia barua haijali kama kitufe unakiita hariri au sahihisha. Ukikibonyeza kitafanya kile kile. Mtandao neva ni kiumbe mwengine. Ukibadilisha majina ya makundi yake, unabadilisha elimu yake. Kwa hivyo istilahi inayokuja mwisho, ikiwa orodha ya maneno nyuma ya ripoti, imekuja mashine ikiwa imeshahitimu.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko kwenye chimbuko la enzi hii. Fei-Fei Li, mzaliwa wa China aliyesomea Marekani, alianza mwaka 2007 kukusanya picha kwa ajili ya hazina iliyoitwa ImageNet. Alihitaji orodha ya vitu vyote vya duniani. Aliipata wapi? Kwenye kamusi. Chuo Kikuu cha Princeton kilikuwa na WordNet, kamusi ya Kiingereza iliyoanzishwa na mwanasaikolojia George Miller mwaka 1985, ambayo maneno yake yamepangwa kwa ukoo: mnyama, chini yake mamalia, chini yake mbwa, chini yake aina za mbwa. Picha zikatafutwa kwa kila jina, na wafanyakazi wa mtandaoni kutoka nchi 167 wakalipwa vijisenti kusema hii ndiyo, hii siyo. Zikapatikana picha zaidi ya milioni 14. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton, huko Toronto, wakashinda mashindano ya ImageNet kwa mtandao neva, na ulimwengu ukageuka. Hinton na John Hopfield walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024.

Tazama ulivyo ushirikiano huo: Mchina, Muingereza, vijana wawili waliozaliwa Umoja wa Kisovieti, chuo cha Kanada, vibarua wa nchi 167. Na katikati yao kamusi moja ya lugha moja. Mashindano yale yalikuwa na makundi 1,000, na zaidi ya 100 kati yake ni aina za mbwa. Mbwa wa manyoya, mbwa wa masikio marefu, mbwa wa kuwinda bata. Makangale mbwa ni mbwa, na akikaribia hufukuzwa. Sitaki mtu aniambie kwamba sayansi ndiyo iliyoamua mbwa wanastahili makundi mia. Kamusi iliamua, na kamusi iliandikwa na watu wanaolala na mbwa.

Sasa sikia safari ya mbwa hao mpaka Bagamoyo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, pamoja na wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki yenye kituo chake Dar es Salaam, walitangaza matokeo ya mtandao unaotambua maradhi ya muhogo. Hawakuanza tangu mwanzo. Walichukua mtandao uitwao Inception v3, uliokwisha kufundishwa kwa picha za ImageNet, mbwa na wote, wakaufundisha juu yake majani ya muhogo. Jambo hilo linawezekana kwa sababu safu za chini za mtandao hujifunza mambo ya jumla, ukingo, mkunjo, doa, mchirizi, na doa la mbwa na doa la jani, kwa hesabu, si mbali. Majani yalipigwa picha kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo, picha 2,756 za awali, makundi sita: batobato, michirizi kahawia, madoa ya kahawia, utitiri mwekundu, utitiri wa kijani, na jani zima. Kwa picha ambazo haukupata kuziona, mtandao bora kati ya iliyojaribiwa ulipatia 93 katika kila 100. Kazi hiyo ikazaa programu ya simu yenye jina la kwetu, Nuru, inayozungumza Kiswahili na inayofanya kazi shambani pasipo intaneti.

Hapa lazima nisifu. Batobato na michirizi kahawia ni istilahi ambazo mabwana shamba walishazieneza kabla mashine haijafika, kwa hivyo mara moja hii neno lilitangulia. Lakini jina michirizi kahawia lina safari yake. Ugonjwa ulielezewa na H. H. Storey mwaka 1936 akiwa kituo cha Amani, milima ya Usambara, na aliuita hivyo kwa michirizi aliyoiona kwenye shina changa. Kiswahili kikatafsiri alichokiona Storey. Basi jina limetoka kwenye shina, simu inatazama jani, na mkulima hasara yake iko chini, ambako muhogo umekauka ndani na kugeuka kama kizibo huku majani yakitikisika kijani juu yake. Atakayejifunza ugonjwa huu kwa jina lake atachelewa, na atakayejifunza kwa jani naye anaweza kuchelewa. Ningependa kujua mama wa Makangale, akikata muhogo kwa ajili ya futari akakuta kahawia ndani, husema neno gani. Ninavyomjua mama wa Kipemba, hawezi kukosa neno, na neno lake litakuwa la mzizi, si la shina wala la jani.

Si kila kundi linahitaji jina la kijijini, na mfano wangu ni minyoo. Wawi, nje ya Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa ushirikiano na Waitaliano, na kwa miaka yote hiyo wataalamu wake wamekuwa wakiinamia darubini kuhesabu mayai ya minyoo na ya kichocho. Ng'ambo ya maji, upande wa Kwale, Kenya, hospitali ya Kinondo Kwetu imefanya kazi na watafiti wa Helsinki na wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm: sampuli zinapigwa picha kwa darubini ndogo ya kidijitali, zinapandishwa kwa mtandao wa simu, na mtandao neva unazipekua. Walianza na uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, wanawake 740 kati ya 2018 na 2019, kisha mayai ya minyoo kwenye choo cha watoto wa skuli. Kwa mayai hayo, majina ya Kilatini ndiyo yanayofaa. Kiswahili cha pwani kina safura, ambalo ni jina la mnyoo na la upungufu wa damu unaoletwa naye kwa pamoja, na kina mchango, ambalo ni mnyoo, ni maumivu ya tumbo ya namna kumi, na ni pesa unazotoa kwa ajili ya harusi. Mashine ikifundishwa kutafuta mchango itaupata kila mahali. Dawa moja haiwatoi minyoo wote sawasawa, basi aina itajwe kwa jina lisilo na shaka. Pale mezani tunahitaji mtu wa maneno vile vile, ili aseme hapa tusiingize neno letu.

Waliolielewa mapema jambo hili la nani akae mezani ni Masakhane. Jina ni la Kizulu, maana yake ni karibu na tujenge pamoja. Vuguvugu lenyewe lilichipuka mwaka 2019, mwaka ambao mkutano wa Deep Learning Indaba, unaowakutanisha Waafrika wa fani hii, ulifanyika Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watu wa nchi nyingi wakaanza kufanyia kazi lugha zao wenyewe, bila ya ofisi, kwa vikao vya mtandaoni. Mwaka 2021, wakiongozwa na David Ifeoluwa Adelani wa Nigeria, walitoa MasakhaNER: habari katika lugha 10, Kiswahili kimojawapo, zimepitiwa neno kwa neno na wasemaji wa lugha hizo, kila jina la mtu, la mahali, la taasisi na kila tarehe ikatiwa alama. Kiluo kilitoka Ramogi FM, Kiganda kilitoka gazeti la Bukedde, Kiswahili kilitoka idhaa ya VOA. Hapa walioweka alama na walioandika makala ya kisayansi ni watu wale wale. Kibarua na profesa wamekaa benchi moja, na wakati mwengine ni mtu mmoja.

Na bado, tazama yale makundi manne. Mtu, mahali, taasisi, tarehe: ni urithi wa mashindano ya Ulaya na Marekani ya tangu miaka ya tisini, yaliyobuniwa kwa habari za magazeti ya huko. Mahali petu panapita bila ya shida kubwa, ijapokuwa Vumawimbi ni kitenzi na nomino vilivyogandana, sentensi iliyogeuka ufukwe. Tarehe ndiyo inayonikosesha usingizi. Mtu wa Makangale akisema mkutano ni usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku unaoanza Alkhamisi jua likizama, kwa kuwa siku kwetu huanza magharibi. Msomaji wa Nairobi atakwenda siku moja baadaye akute uwanja mtupu. Akisema sikukuu ya Mfunguo Tatu, anataja mwezi wa Hijria kwa jina ambalo Kiswahili kilijitungia chenyewe, kwa kuhesabu tangu watu walipofungua baada ya Ramadhani. Akisema tutaanza kaskazi ikitulia, je, hiyo ni tarehe? Mvuvi ataichukua kuwa tarehe kamili kabisa, na atakuwa keshapanga. Alama ya tarehe inaweza kuwekwa juu ya maneno yote hayo, mashine ikafaulu mtihani, na isijue siku gani.

Neno lenyewe ushirikiano limechoka kidogo. Limekaa sana kwenye mabango ya miradi. Kiswahili kina mawili ya zamani yenye ladha zaidi, yote ya chakula. Kula bia ni kila mtu kuleta chake, mchele huyu, samaki yule, tukapika chungu kimoja. Kula kikoa ni kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye zamu ndiye anayeamua kinapikwa nini. Ajabu ni kwamba kikoa kimeshaingia kwenye kompyuta kwa mlango wa pembeni: ndilo neno letu la jina la eneo la intaneti, kikoa cha .tz, na vijana wanaolipia kikoa kila mwaka hawajui kwamba babu zao walikila. Utafiti wa mitandao neva husifiwa kuwa ni bia. Huyu analeta pesa, yule analeta mashine zinazokula umeme wa mji mzima, sisi tunaleta picha, majani, sauti na choo. Sawa. Ila chungu hakijapata kutoka jikoni mwa wengine, na anayemiliki jiko ndiye anayejua kundi la nne halimo. Ninachokitamani ni kikoa.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limeshatoa makamusi ya lahaja za visiwani, Kipemba kikiwemo, na hapo pana orodha tayari ambayo haikutungwa kwa ajili ya mashine wala ya mfadhili. Ikifika zamu ya Makangale, mimi ningeomba kipikwe cha nazi.

Sitanii. Tunda la mnazi halina jina moja kwetu. Huanza kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi. Na nazi iliyokauka ndani ya kifuu ni mbata, na ile iliyojaa sponji badala ya maji ni joya, ambayo watoto huigombania. Kila jina ni bei na ni kazi. Dafu ni la kunywa, koroma halifai kwa mafuta, mbata ndiyo inayopimwa kwa mizani. Kwa picha peke yake makundi haya hayatenganishwi vyema, kwa kuwa ganda la kijani linaweza kuficha dafu na likaficha koroma. Mkwezi huko juu hatazami tu. Hugonga kwa mpini wa kisu, akasikiliza, ndipo akaamua akate au aache. Basi hazina hiyo ya data ingekuwa ya picha na mlio kwa pamoja, simu imefungwa kifuani mwa mkwezi, na mwenye kuandika jina la kundi angekuwa mkwezi mwenyewe, alipwe kama mtaalamu na jina lake litangulie kwenye makala.

Lingebaki tatizo moja la kiufundi. Katika kazi hizi watu wawili au zaidi hupewa kitu kile kile, majibu yao hulinganishwa, na wasipoafikiana hukaa wakakata shauri au jibu la wengi likachukuliwa. Huo ni usafi wa data, na kwa mayai ya minyoo sina neno. Lakini baina ya koroma na nazi kuna siku kadhaa ambazo mkwezi wa Makangale na mkwezi wa Tumbe, wote waaminifu, watagonga tunda moja, mmoja aseme limeshakuwa na mwengine aseme bado. Mimi ningeyaandika majibu yote mawili, kila moja pamoja na mtu wake na shamba lake, na mtandao neva uhangaike nayo.